Bustani ya nyumbani: nipande nini, na nikipande wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huanza bustani kinyumenyume. Mtu anaona miche imependeza, anaibeba, na akifika nyumbani ndipo anaanza kuzunguka nayo mkononi akitafuta pa kuichomeka. Miezi mitatu baadaye nusu imekufa, naye anajisema kuwa hana mkono wa kupanda. Mara nyingi mkono hauna kosa; mahali ndipo palipokosewa. Kwa hiyo majibu haya yanaanzia kwenye kiwanja, mimea inafuata.

Nianze na nini, mchoro au miche?

Anza kwa kutazama. Chukua karatasi uchore kiwanja chako: nyumba, uzio, miti iliyopo, bomba la maji, mlango wa jikoni, shimo la maji taka, mahali nyaya za umeme zinakopita. Mchoro si lazima upendeze. Kisha siku moja yenye jua toka nje mara tatu, saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, na kila mara uchore kwa penseli mpaka kivuli kilipofikia. Ukimaliza, sehemu ambazo kivuli hakikuzigusa hata mara moja ndizo zenye jua la kutwa. Zilizoguswa mara moja ni za jua la nusu siku. Zilizoguswa mara tatu, usizipangie nyanya.

Kumbuka kwamba kivuli huhama kwa majira. Karibu na ikweta jua hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo ukuta mrefu unaotoka mashariki kwenda magharibi hutupa kivuli huku kwa miezi kadhaa, kisha kule. Mbali na ikweta, majira ya baridi hurefusha vivuli sana, na kona iliyowaka jua kiangazi inaweza kukaa gizani kwa wiki nyingi. Kama huwezi kungoja mwaka mzima, uliza jirani aliyeishi hapo muda mrefu.

Tazama na vitu viwili zaidi. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanatuama wapi na yanakimbilia wapi? Na watu wa nyumba hiyo wanapita wapi? Palipochakaa nyasi kwa sababu watu wanakatiza kwenda kuanika nguo ni njia tayari, imeshachorwa na miguu. Ukiweka tuta hapo, watu watalikanyaga. Wala si kwa ubaya.

Mmea unahitaji saa ngapi za jua?

Kanuni fupi: unaokula tunda lake, upe jua lote ulilonalo, unaokula jani lake utavumilia. Nyanya, pilipili, biringanya, matango na maboga yanataka saa 6 hadi 8 za jua la moja kwa moja kila siku. Karoti na viazisukari vya rangi nyekundu, yaani biti, huridhika na pungufu kidogo ya hapo. Saladi, spinachi, mchicha, mnanaa na giligilani huweza kuishi kwa saa 3 au 4, na mahali penye joto kali hata hufurahia kivuli cha alasiri.

Saa za jua hazilingani kwa ukali. Jua la asubuhi hulikuta jani likiwa na maji na hewa ikiwa bado baridi. La alasiri hukuta kila kitu kimeshapata moto, ukuta ukiwemo. Mmea mlaini ukipangiwa upande wa mashariki wa nyumba hupona ambako nduguye wa upande wa magharibi anababuka.

Mmea unaokosa mwanga hujieleza wenyewe: hurefuka kama uzi, majani huwa mbalimbali na ya kijani kilichopauka, na shina huinamia upande mwanga unakotoka. Mbolea haiponyi hilo.

Udongo wangu ni mbaya. Niubadilishe wote?

Usilete lori la udongo kabla hujaujua ulio nao. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana na pande zilizonyooka, tia udongo hadi theluthi moja, jaza maji, ongeza sabuni ya unga kidogo, funga na utikise kwa dakika kadhaa. Kisha iweke chini usiiguse. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja hivi. Chembe za kati, zile laini kama vumbi, hutulia baada ya saa mbili au zaidi. Mfinyanzi huchukua siku moja, mbili, au zaidi, na maji juu yake hubaki na ukungu. Siku ya tatu utaona matabaka kama keki, na rula itakuambia lipi limetawala.

Njia nyingine haina hata chupa. Finyanga donge la udongo wenye unyevu, lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Likikatika papo hapo, udongo wako ni wa kichanga. Utepe ukipita sentimita 5 kabla ya kukatika, hapo una mfinyanzi mzito.

Halafu pima jinsi maji yanavyoshuka. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena. Mara ya pili weka kijiti chenye alama. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, huna tatizo. Yakilala humo hadi kesho, panda kwenye matuta yaliyoinuliwa au chagua mimea inayopenda miguu iliyolowa.

Tiba ya mfinyanzi ni mboji na samadi iliyooza vizuri. Tiba ya kichanga? Ni mboji na samadi iliyooza vizuri. Hata mimi nilidhani wananidanganya, lakini ndivyo ilivyo: kwenye mfinyanzi mboji hutenganisha chembe ili hewa ipite, kwenye kichanga hushika maji yasikimbie. Kosa kubwa ni kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi ukitumaini kuulainisha. Kiasi kidogo cha mchanga hujaza nafasi zilizokuwepo, na ukikauka unapata kitu kinachokaribia tofali.

Kuhusu tindikali, mboga nyingi hupenda pH, yaani kipimo cha tindikali, ya kati ya 6 na 7; ikiwa chini zaidi udongo una tindikali nyingi. Chokaa ya kilimo hupandisha pH pale ilipo chini sana, lakini pima kwanza, maana chokaa ikizidi huzuia mizizi kupata chuma na madini mengine, na kuiondoa ni kazi ya miaka.

Matuta yawe na upana gani, na njia je?

Hapa ndipo nawaomba watu watumie muda, kwa sababu mmea unaweza kuuhamisha lakini njia iliyokosewa itakusumbua kila siku.

Upana wa tuta huamuliwa na mkono wako, si na kiwanja. Mtu mzima akichuchumaa hufikia kama sentimita 60 bila kuegemea. Kwa hiyo tuta unalolifikia pande zote mbili lisizidi mita 1.2, na lililoegemea ukuta lisizidi sentimita 60. Kisa chake ni kwamba tuta halikanyagwi. Udongo uliokanyagwa hubanana, hewa na maji havipiti, na mizizi hugeuka kukimbilia pembeni. Kama kuna mtoto au mzee atakayeshiriki, punguza zaidi.

Njia za kati ya matuta ziwe na sentimita 45 hadi 60. Angalau njia moja iwe na sentimita 90, ya kupita toroli. Njia zangu za kwanza zilikuwa na sentimita 30, nikiona nimeokoa nafasi. Kabla ya kupanda zilionekana pana kabisa. Nyanya zilipofika kifuani nikawa napita kiubavu kama kaa, ndoo mkono wa kulia imeinuliwa juu, na kila nikipita mkono wa shati unavunja tawi. Ile nafasi niliyookoa niliilipa kwa nyanya.

Urefu wa tuta ni hiari yako, ila likipita mita 3 au 4 acha pa kukatizia. Mtu mvivu hazunguki. Anaruka, na siku moja atatua katikati.

Kabla ya kuchimba, pigilia vigingi, funga kamba, na uishi na kamba hizo kwa wiki moja. Pita humo na ndoo iliyojaa maji. Pita jioni kukiwa na giza. Pitisha toroli ukate kona nayo. Kamba husogezwa kwa dakika mbili.

Mwelekeo nao una maana. Safu inayotoka kaskazini kwenda kusini hupata jua ubavu mmoja asubuhi na ubavu wa pili jioni. Mimea mirefu isimfunike mwenzake: ukiwa kaskazini mwa ikweta na mbali nayo, iweke upande wa kaskazini wa bustani, ukiwa kusini, iweke upande wa kusini, karibu na ikweta ni busara kuiweka magharibi, ili mboga za majani zipate kivuli saa za jua kali. Kwenye mteremko sahau yote hayo. Matuta yakatize mteremko, yafuate usawa wa ardhi, la sivyo mvua ya kwanza itashuka na udongo wako.

Kipi kikae karibu na nyumba, na kipi mbali?

Kinachohitaji mkono wako kila siku kikae karibu, kinachokuhitaji mara moja kwa mwezi kiende mwisho wa kiwanja. Katika miaka ya 1970 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walijenga juu ya wazo hili mfumo mzima wa kupanga makazi kwa kanda, kuanzia mlangoni hadi porini. Huna haja ya mfumo wote. Jiulize tu: sufuria ikiwa motoni na mvua inanyesha, nitatoka kuchuma hii? Mrehani ulio hatua tano kutoka mlangoni huchumwa kila siku, na kwa kuchumwa huchipua zaidi. Ulio hatua thelathini hutoa maua, hukomaa, hukauka, na mwenye nyumba anaendelea kununua mrehani.

Kitalu cha miche kiwe mahali unapopita kila asubuhi. Maboga, viazi vitamu na miti ya matunda vinaweza kwenda mbali. Rundo la mboji liweke mahali pa kati, karibu vya kutosha usione uvivu kupeleka maganda, mbali vya kutosha usilisikie. Bomba je? Mpira wa maji ufike kila kona. Usipofika, kona hiyo ipewe mimea inayojitegemea.

Nina eneo dogo sana. Nichague mimea gani?

Andika vitu kumi mnavyokula kweli nyumbani kwenu, si mnavyotamani mngekuwa mnakula. Kisha futa vinavyokula nafasi kuliko vinavyorudisha. Mmea mmoja wa maboga hutandaa mita kadhaa za mraba na kukupa maboga machache. Kabichi hukaa ardhini miezi mitatu, ukiikata mara moja imekwisha. Mahindi huchavushwa na upepo, kwa hiyo safu moja ndefu hutoa magunzi yenye mapengo; huhitaji kupandwa kwa kundi, safu tatu au nne kwa pamoja, na eneo dogo halina anasa hiyo.

Kinachobaki ni mimea inayochumwa na kurudi. Spinachi, mchicha, saladi za majani, vitunguu vya majani: unakata ya nje, ya ndani yanakuja. Ongeza vinavyopanda juu, kama maharage ya kutambaa, matango na nyanya ndefu, kwenye fito au kichanja. Mita moja ya mraba iliyosimama haihesabiwi kwenye ukubwa wa kiwanja.

Halafu anza na aina tano. Najua huwezi kunisikiliza, hakuna anayesikiliza, lakini tano zinazotunzwa hulisha kuliko kumi na tano zinazosongwa na magugu. Mojawapo iwe figili, kwa sababu huvunwa ndani ya wiki nne hivi, na mwanzoni mtu anahitaji ushindi wa haraka.

Niache nafasi gani kati ya mmea na mmea?

Nyanya sentimita 45 hadi 60. Kabichi, biringanya na pilipili hoho kama 45. Saladi 25 hadi 30, biti 10, vitunguu 10, karoti 5 hadi 8 baada ya kupunguza. Maharage mafupi 15. Pima kwa kijiti chenye alama, usipime kwa jicho, maana jicho linatazama mche wa leo wenye majani manne na kuuonea huruma.

Kupunguza karoti huumiza watu. Wanaona wanaua. Zisipopunguzwa hujipinda na kukumbatiana ardhini, na mwisho wa msimu unavuna nyuzi. Mimea iliyosongamana pia haikauki umande, na jani linaloshinda limelowa ndilo makao ya ukungu.

Nafasi ile tupu ya mwanzo unaweza kuitumia: kati ya miche ya kabichi pandikiza saladi au sia figili, utakuwa umezila kabla kabichi haijataka mahali pake.

Na miti ya matunda?

Panda mti mkubwa, usipande mche. Maana yangu: simama mahali unapotaka kuuweka, inua mikono, na ufikirie mwembe, ambao ukiachwa unaweza kupita mita 20 kwenda juu, na kivuli chake kikafunika bustani yote ya mboga. Mwembe au mparachichi uachiwe mita 8 hadi 10 kutoka mti mwingine mkubwa, mchungwa na mlimau mita 4 hadi 5, mpapai mita 2. Ukutani, juu ya mabomba na karibu na shimo la maji taka, hapana kabisa; mizizi hufuata unyevu, na ufa mdogo wa bomba unatosha kuwa mlango. Jamii ya mikuyu ndiyo mibaya kuliko yote kwa hilo.

Chagua mche uliobebeshwa, yaani shina lililoungwa kikonyo cha mti unaojulikana, ukiupata. Mparachichi wa mbegu unaweza kukuweka miaka mitano, kumi, hata zaidi kabla ya tunda la kwanza, na tunda lenyewe lisifanane na ulilokula. Uliobebeshwa huzaa mapema na unajua utakachopata. Wakati wa kupanda, ile kovu ya maungio ibaki juu ya udongo. Shimo liwe pana mara mbili ya mzizi, si refu kwenda chini kuliko mzizi wenyewe.

Kisha kuna suala ambalo wauza miche hawalisemi: ndoa za mimea. Mpapai huwa dume, jike, au wa jinsia zote mbili, na kwa mche huwezi kujua. Dume hutoa maua mengi madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike hutoa ua nene lililokaa karibu na shina. Niliwahi kutunza mpapai mmoja kwa karibu mwaka, nikiupa maji ya kuoshea mboga kila jioni. Ulipochanua ulichanua kwa fahari, shada refu la maua meupe lililojaa nyuki. Dume. Siku hizi napanda miche mitatu au minne pamoja na kungoja ichanue, ndipo nang'oa isiyotakiwa.

Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, kwanza kama jike, kisha kama dume. Aina za kundi A, Hass ikiwemo, hufunguka kama jike asubuhi na kama dume alasiri ya siku inayofuata. Za kundi B, kama Fuerte, ni jike alasiri na dume asubuhi ya kesho yake. Mti mmoja unaweza kuzaa peke yake, lakini ukiwa na wa kundi la pili hapo jirani, mavuno huwa ya uhakika zaidi. Wa jirani yako anahesabika, nyuki hawajui uzio. Pasheni ya manjano nayo haijichavushi. Inataka chavua ya mmea mwingine, na mpelekaji bora ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Kabla ya kuwafukuza kwenye paa lako, fikiria.

Mimea rafiki, ile inayosemekana kusaidiana ikipandwa jirani, ni kweli au ni hadithi?

Kidogo kweli, kingi hadithi. Kweli: mikunde huishi na bakteria aina ya Rhizobium kwenye mizizi, wanaonasa naitrojeni ya hewani. Ng'oa mharage utaona vinundu. Vikikatwa vikawa vya waridi ndani, kazi inaendelea. Ila naitrojeni hiyo hutumiwa kwanza na mharage wenyewe. Jirani hufaidi zaidi mabaki yakiozea ardhini, kwa hiyo ukivuna kata shina, acha mzizi.

Kweli pia: baadhi ya marigoldi, yale maua ya chungwa yenye harufu kali, hupunguza minyoo fundo ya mizizi. Lakini inabidi yapandwe kwa wingi, tuta zima, kwa msimu mzima. Maua mawili pembeni mwa nyanya ni mapambo. Mahindi, maharage na maboga pamoja ni mpango uliojaribiwa kwa karne nyingi na wenyeji wa Amerika: mhindi ni nguzo, mharage unapanda, boga linafunika ardhi. Jedwali ndefu zinazodai kuwa mmea fulani "unamchukia" mwingine, zisome kwa tabasamu.

Je, ni lazima kubadilisha mahali pa mazao?

Ndiyo, kwa familia. Nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili ni ndugu na hurithishana magonjwa ya udongo. Kumfuatisha biringanya baada ya nyanya si kubadilisha. Kabichi, koliflawa na figili ni ukoo mwingine. Mikunde mwingine. Familia isirudi kwenye tuta lilelile kabla ya misimu mitatu. Piga picha ya bustani kila msimu, kumbukumbu ya kichwa haiaminiki.

Maua niyapangeje yasionekane kama kitalu?

Bustani huonekana kama kitalu kwa sababu moja: kila mmea ni mmoja. Moja la hili, moja la lile, yote yamesimama kama foleni. Chukua aina chache, panda matatu au matano ya aina ile ile kwa kundi, kisha rudia kundi hilo hilo mahali pengine. Jicho hupenda kukutana na kitu linalokijua.

Chagua majani kabla ya maua. Ua hukaa wiki, jani hukaa mwaka. Jani pana karibu na jembamba, la fedha karibu na la kijani kizito, kangaga kwenye kona yenye kivuli. Yale ya rangi kwenye bogenvilia si maua hata hivyo, ni majani. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Ipe jua lote, maji kidogo, nayo itawaka. Ukiimwagilia kwa huruma, utapata majani na miba.

Sina ardhi, nina baraza tu.

Vyombo vinatosha, mradi viwe na matundu chini na viwe vikubwa. Nyanya moja inataka lita 20. Saladi na mitishamba, kina cha sentimita 15 hadi 20. Usijaze kokoto chini "ili maji yatoke". Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo mlaini kuingia kokoto. Husimama juu yake, na umepandisha tope karibu na mizizi. Udongo wa shambani peke yake hubanana chomboni, uchanganye na mboji. Na pima uzito: lita 20 za udongo uliolowa zinaweza kupita kilo 30, kwa hiyo vyombo kumi ni jambo la kumuuliza fundi kabla ya kuvipanga ukingoni mwa baraza.

Maji kiasi gani?

Kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Tuta la mita 1.2 kwa mita 3 linakula lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Afadhali umwage mara mbili au tatu kwa wiki yakazama kuliko kunyunyiza juu juu kila jioni, maana mizizi hukaa pale maji yalipo. Miche michanga na vyombo ni tofauti, hivyo hutazamwa kila siku. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Kikitoka na udongo ulioganda, acha.

Panga mimea kwa kiu. Rozmari na tango kwenye tuta moja ni ugomvi, mmoja wao atakufa kwa maji ya mwenzake. Tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 5 hadi 8, ila uache nafasi kuzunguka shina lisioze.

Kuna mimea ya kuepuka?

Penye watoto au mifugo, oleanda, mnanaha (datura, si mnanaa) na mnyonyo ni sumu, kuanzia jani hadi mbegu. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari. Lantana inapendeza, lakini imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na ndege watakusambazia mbegu. Mnanaa uupande kwenye chungu. Wangu niliupanda kwenye tuta, na sasa tuta ni la mnanaa.

Bustani yangu tayari imepandwa ovyo. Ning'oe yote?

Hapana. Fanya ule mchoro wa vivuli, kisha utie alama mmea unaoteseka na ule unaotesa wenzake. Midogo ihamishe jioni au siku ya mawingu: mwagilia siku moja kabla, chimba duara pana, inua na bonge la udongo, punguza majani kiasi, uupe kivuli cha muda kwa wiki moja. Mti mchanga uliokaa vibaya amua sasa. Mparachichi wangu ulikuwa mita moja na nusu kutoka ukutani. Ulipokuwa wa kiunoni ningeuhamisha kwa alasiri moja. Niliuonea huruma miaka minne, na mwishowe ilibidi kuita mtu mwenye msumeno na ngazi, na kisiki chake bado kipo hapo. Nimeweka chungu cha mnanaa juu yake.